Safaya za rangi ya chungwa kutoka Umba: nitajuaje kama rangi ni ya asili?

Binti Sonara, Ngamiani, Tanga

Wakuu wa jukwaa, shikamooni, na walio rika langu nawasalimu kutoka Tanga mjini.

Ninasimamia karakana ya usonara aliyoianzisha baba yangu hapa Ngamiani. Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa dhahabu na fedha. Mteja alikuja na jiwe lake mkononi, nasi tukalipachika kwenye pete au kidani bila kulazimika kulitolea hukumu. Siku hizi wateja wanataka tuwatafutie na jiwe lenyewe, na kwa kuwa mkoa wetu ndio wenye machimbo ya bonde la mto Umba, wengi huomba safaya ya nyumbani kabla hawajauliza ya Songea au ya ng'ambo.

Dalali mmoja ameniachia kifurushi kidogo cha safaya zilizokwisha kukatwa. Nyingi zina rangi iliyo kati ya chungwa na waridi, chache ni za njano iliyokolea, na moja ni ya buluu. Anasema zote zimechimbwa Kalalani, machimbo ya huko huko Umba, hazijaingia motoni na hazijaongezewa kitu chochote, na bei anayoitaka ni ya mawe ya namna hiyo. Sijamlipa, na amekubali nikae nazo kwa siku kadhaa nizichunguze. Nina lupu ya kukuza mara 10, tochi yenye mwanga mweupe, taa ndogo ya mionzi ya urujuanimno na filta ya Chelsea, kile kioo cha rangi cha kuchujia mwanga unapotazama jiwe. Vifaa vikubwa sina.

Ninaomba mnieleze mambo mawili. Kwanza, kwa vifaa hivi nilivyo navyo, ni dalili zipi zinaweza kunionyesha kwamba rangi ya safaya ya chungwa imetengenezwa na binadamu, na ni mambo gani ambayo lupu haiwezi kuyaona hata nikitazama kutwa nzima? Pili, niandike maneno gani kwenye risiti ya mteja ili ajue hasa anachokilipia? Bi harusi mmoja anasubiri pete yake, na sitaki apewe jibu la kesi hii na mtu mwingine baada ya miaka mitatu.

Mwalimu wa Vito, Arusha

Marahaba, binti yangu. Umeuliza kabla hujalipa, na jambo hilo peke yake limekuepusha na nusu ya matatizo ambayo watu huyaleta hapa.

Nikuombe kwanza uliweke swali lako kwa namna nyingine. Ukiuliza tu kama rangi ni ya asili au si ya asili, utatafuta dalili moja itakayojibu kila kitu, na dalili hiyo haipo. Kila aina ya jiwe ina mbinu zake za kubadilishiwa rangi, na kila mbinu huacha alama zake au haiachi kabisa. Kwa hiyo jiulize hivi: hili ni jiwe gani, kwa jiwe la aina hii watu huongeza rangi ya chungwa kwa njia zipi, na kati ya njia hizo ni zipi zinazoacha alama ambayo mimi ninaweza kuiona?

Tuanze na jiwe lenyewe. Umba haitoi safaya peke yake. Bonde lile linatoa pia garneti za rangi ya chungwa na waridi, nzuri sana, ambazo zikishakatwa hufanana na safaya kiasi cha kumchanganya mzoefu. Kipimo cha kupinda kwa mwanga kinaweza kukuchanganya zaidi, kwa sababu safaya husoma takribani 1.762 hadi 1.770, na garneti hizo husoma kati ya 1.74 na 1.77. Tofauti ni kwamba safaya huugawa mwanga mara mbili, hivyo kwenye rifraktomita, chombo cha kupimia kupinda huko, utaona mistari miwili iliyopishana kwa 0.008 ukilizungusha jiwe, ilhali garneti ina mstari mmoja tu. Uzito nao husaidia, kwa kuwa safaya ina uzani wa 4.00 ikilinganishwa na maji, na garneti za namna hiyo huwa karibu na 3.8. Azima rifraktomita kwa mwenzako. Jiwe likitokea kuwa garneti, wasiwasi wako mwingi utakuwa umekwisha, maana garneti za namna hii kwa kawaida haziongezewi rangi. Litakuwa limeuzwa kwa jina lisilo lake, na hilo ni kosa la aina nyingine.

Likiwa kweli ni safaya, hakikisha halikutengenezwa kiwandani. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia yake ya kuyeyusha unga wa alumina kwa mwali wa moto ili kukuza rubi, ndugu nyekundu ya safaya, na njia hiyo bado inatumika hadi leo kwa rangi zote, ikiwemo ya chungwa. Vipande vya mawe hayo huvunjwa, husuguliwa mpaka vikafanana na changarawe ya mtoni, kisha huchanganywa na mali halali, hata pale pale machimboni. Mstari wa ukuaji katika safaya ya ardhini umenyooka na hukutana na mwenzake kwa pembe, lakini katika jiwe la Verneuil mistari hupinda, nayo huandamana na vipovu vya hewa vya mviringo. Katika rangi ya njano na ya chungwa mistari hiyo ni hafifu na ni vigumu kuiona, kwa hiyo ukiikosa usiseme umethibitisha kwamba jiwe ni la ardhini. Jiwe lisilo na kitu chochote ndani, kubwa, la rangi kali na la bei nafuu, litilie shaka mpaka lithibitishwe.

Sasa tufike kwenye rangi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu habari hii inatuhusu sisi Watanzania moja kwa moja. Mwaka 2001 soko la dunia lilianza kupokea kutoka Thailand safaya nyingi za rangi ya chungwa na waridi, rangi ambayo hapo awali ilikuwa adimu na ghali mno. Mwanzoni mwa 2002 maabara za Marekani zikatoa tahadhari, na uchunguzi ukaonyesha kwamba wachomaji wa Chanthaburi walikuwa wakizichoma safaya pamoja na krisoberili, madini yenye beriliamu, katika joto la karibu nyuzi 1,800 za Selsiasi. Atomi ya beriliamu ni ndogo sana, na katika joto hilo huingia ndani ya fuwele na kuleta rangi ya njano. Njano hiyo ikikutana na waridi iliyokuwemo tangu mwanzo, jiwe hugeuka chungwa. Mawe yaliyotumika yalitoka Madagaska, na mengine yalitoka kwetu, Songea na Umba. Safaya iliyouzwa machimboni kwa bei ya chini kwa sababu ya rangi iliyofifia ilirudi sokoni ikiwa na rangi ya kifahari, na kwa muda fulani wanunuzi hawakuambiwa ni nini kilichofanyika katikati. Hivyo jina la Kalalani haliwezi kukuhakikishia kwamba rangi ni ya asili. Jiwe linaweza kuwa limezaliwa Kalalani kweli, likasafiri, likapikwa, likarudi.

Ipo njia rahisi ya kuanza nayo, na kwa mtu wa Tanga haina gharama. Chukua bakuli dogo la kioo cheupe, mimina mafuta ya nazi safi yasiyo na rangi, zamisha jiwe uso wake ukiwa chini, kisha liweke bakuli juu ya mwanga mweupe uliosambaa vizuri. Hata simu iliyofunguliwa ukurasa mweupe na kufunikwa karatasi laini inatosha. Mafuta ya nazi hupinda mwanga kwa kiasi cha 1.45, hewa ni 1.00, na maji ni 1.33; mafuta ndiyo yaliyo karibu zaidi na safaya, kwa hiyo ndani yake mng'aro wa nyuso za jiwe hupungua na unaweza kuona jinsi rangi ilivyokaa ndani. Maabara hutumia iodidi ya methilini, yenye 1.74, ambayo inakaribia safaya yenyewe na huonyesha vizuri zaidi. Lakini ni sumu, haifai kwenye karakana isiyopitisha hewa, na wewe huihitaji kwa hatua hii.

Tazama mpaka wa rangi. Rangi ya asili hufuata fuwele lilivyokua: utaona mikanda iliyonyooka, au pembe, au eneo la rangi lililokatwa katikati na ukingo wa jiwe, bila kujali mkataji alilipa umbo gani. Rangi iliyoingizwa kutoka nje haijui fuwele lilivyokua. Inafuata umbo la jiwe lilivyokuwa lilipoingia tanuruni. Safaya iliyopikwa na beriliamu kwa muda mfupi huonyesha ukanda wa chungwa unaozunguka kiini cha waridi pande zote, kama ganda la chungwa la Muheza linavyozunguka nyama yake. Ukiona ukanda huo, usilinunue kwa bei ya asili, na huhitaji kutuma popote kuthibitisha kwamba rangi imeingizwa.

Kwa lile la buluu, tafuta alama tofauti. Buluu ya kuingizwa hutokana na titani, na titani haizami kama beriliamu. Kwa kawaida hubaki chini ya nusu milimita kutoka juu. Ndani ya mafuta utaona mistari ya makutano ya nyuso imekolea rangi, ikichora wavu, na sehemu nyingine zimepauka kwa madoamadoa pale ambapo fundi alisugua na kuiondoa.

Nisiposema lifuatalo nitakuwa nimekupotosha. Beriliamu ikipewa muda wa kutosha hufika hadi kiini, ukanda hutoweka, na rangi huwa sawa jiwe zima. Kwa hiyo ukanda ukionekana umethibitisha, lakini ukikosekana hujathibitisha chochote. Hapo lupu hubaki na ushahidi wa pembeni tu. Joto la nyuzi 1,800 huharibu vitu vilivyomo ndani ya jiwe: chembe za madini ya zikoni huyeyuka na kuzungukwa na ufa wa duara unaong'aa, nyuzi laini za madini ya rutili hukatika na kuwa vitone, na wakati mwingine huzungukwa na duara za buluu. Ukiona nyuzi ndefu, nyembamba, zisizokatika na zenye ncha kali, hiyo ni habari njema, kwa kuwa nyuzi hizo hazivumilii joto kubwa kiasi hicho.

Taa yako ya urujuanimno na filta ya Chelsea hazitakusaidia kwenye swali hili. Mng'ao wa chaki ambao vitabu husema huonekana kwenye safaya zilizochomwa hutokea zaidi kwenye mawe yenye chuma kidogo, na safaya za Umba zina chuma nyingi, kwa hiyo mara nyingi hazing'ai kabisa, zimechomwa au hazikuchomwa. Filta nayo ni chombo cha kutambua kromi na kobalti. Itakuonyesha wekundu kwenye tomalini yetu ya kijani yenye kromi, lakini haina la kusema kuhusu beriliamu.

Fundi Gurudumu, Lushoto

Mwalimu amemaliza mengi. Mimi ninaongeza yale yanayoonekana na mkataji, kwa sababu ukingo wa jiwe mara nyingi husema kile ambacho uso wake unakificha.

Jiwe likipikwa kwenye joto kubwa baada ya kukatwa, ngozi yake huharibika: huota vijishimo, hufifia, au hushika vitone vilivyoyeyuka na kuganda. Ni lazima lirudi kwenye gurudumu kung'arishwa upya, na fundi anayefanya kazi hiyo ana tatizo, maana akisugua sana anaondoa rangi iliyoingizwa au anapunguza uzito. Kwa hiyo husugua kidogo tu. Dada, zungusha jiwe ukitazama mkanda wake wa kiunoni, pale juu na chini zinapokutana. Ukiona vijishimo vilivyoachwa bila kung'arishwa, au mkanda wenye nyuso mbili zilizosuguliwa kwa pembe tofauti, jua kwamba jiwe hilo limepita mezani zaidi ya mara moja. Inawezekana lilirekebishwa kwa sababu nyingine, kwa mfano lilikuwa limekwaruzwa, kwa hiyo ishara hiyo haitoshi peke yake, lakini ukiikuta pamoja na ukanda wa rangi au zikoni zilizoyeyuka, ni karibu hakika kwamba jiwe limepikwa.

Kuhusu mawe ghafi, ambayo najua utaletewa siku moja, angalia ngozi. Fuwele la safaya lililotoka kwenye mwamba lina uso wenye mistari na ngazi ndogo za ukuaji, na kona zake hubaki zinasomeka. Lililopikwa na kemikali hushika uso wa kioo kioo, kona zimelainika, na kwenye mikunjo utakuta mabaki yaliyoganda. Anayeuza jiwe ghafi lenye ngozi ya namna hiyo na kukwambia limetoka shimoni wiki iliyopita hastahili kusikilizwa zaidi.

Mwisho, usipuuze rangi ya kupaka. Mwaka 2008 maabara za Marekani ziliripoti tanzanaiti zilizopakwa utando mwembamba wenye kobalti upande wa chini ili buluu yake ikolee. Utando wa aina hiyo huchakaa kwenye kingo, na kwa lupu utaona mistari myeupe isiyo na rangi pale nyuso zinapokutana, au rangi za upinde wa mvua zikielea juu ya uso wa chini unapoliinamisha jiwe kwenye mwanga. Jiwe likiwa limeshapachikwa kwenye pete iliyofungwa nyuma hutaona kitu, ndiyo maana mimi hukataa kukadiria thamani ya jiwe ambalo siwezi kuliona mgongoni.

Dalali wa Korogwe

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na sehemu kubwa, lakini naomba tusiwatie madalali wote kwenye kapu moja. Mtu anayekuletea kifurushi Ngamiani huenda alikinunua kwa mwingine, ambaye naye alikinunua kwa mwingine, na maneno "haijachomwa" yamepokewa kwa nia njema njia nzima. Tena kuchoma jiwe si wizi. Tanzanaiti karibu yote inayouzwa duniani imechomwa, na hakuna anayesema kwamba tanzanaiti ni bandia. Iweje safaya ihukumiwe?

Ninapendekeza pia njia fupi kuliko mafuta ya nazi. Siku hizi wapo wenye bunduki ya kupimia madini kwa mionzi ya eksirei, ile inayosoma kiwango cha dhahabu kwa sekunde chache. Dada akaombe jiwe lipigwe na kifaa hicho, kitasoma vilivyomo ndani, na mjadala utakuwa umekwisha.

Mwalimu wa Vito, Arusha

Ndugu yangu wa Korogwe, hoja yako ya kwanza naipokea kwa moyo mweupe, na hakuna aliyesema dalali huyu ni mwongo. Hoja ya bunduki lazima niipinge, kwa kuwa watu wanaweza kuifuata na kuumia. Kifaa kile husoma vipengele vizito, na kwa dhahabu hakina mpinzani. Kwenye safaya kitakuonyesha chuma, kromi, titani na galiamu. Beriliamu ni kipengele cha nne kwa wepesi kati ya vyote vilivyopo, na mionzi yake ni dhaifu mno kiasi kwamba kifaa hicho hakiioni. Jiwe lililopikwa na beriliamu litapita pale likiwa safi, na mwenye jiwe ataondoka na karatasi inayomdanganya. Kinachoisoma beriliamu ni vifaa vya leza: kimoja hupiga jiwe kwa leza na kusoma mwanga wa cheche inayotoka, kingine huchota chembe zisizoonekana kwa macho na kuzipima atomi zake kwa uzito. Kinachotafutwa ni kidogo sana, kuanzia sehemu chache tu katika milioni, na bado kiasi hicho kinatosha kubadilisha rangi.

Kuhusu tanzanaiti, umegusa jambo zito na ninafurahi umeligusa. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na wengi wa mawe hayo hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia au kijani iliyochanganyika. Yakipashwa joto la takribani nyuzi 500 hadi 600, ule ukahawia huondoka na buluu na zambarau zikabaki. Hakuna kitu kilichotiwa. Vanadi iliyoleta buluu ilikuwemo tangu jiwe lilipoumbwa, na rangi haibadiliki tena. Kwa dikroskopu, kijibomba cha kutazamia rangi za jiwe upande kwa upande, unaweza kuona tofauti, maana jiwe ambalo halijachomwa huonyesha rangi tatu katika pande zake tatu, mojawapo ikiwa ya kahawia au njano ya kijani, na lililochomwa hubaki na jamii mbili za rangi, buluu na zambarau. Biashara nzima inajua, na bei imepangwa kwa ujuzi huo.

Hapo ndipo mstari ulipo kwa maoni yangu. Kuna joto peke yake, ambalo huamsha kilichokuwemo. Kuna joto lililobeba kitu kutoka nje. Na kuna rangi, mafuta au kioo vilivyojazwa kwenye nyufa. Vyote vinaweza kuuzwa kihalali mnunuzi akiambiwa. Lakini bei zake si moja, na anayelipa bei ya kwanza akapewa kitu cha tatu ameibiwa hata kama kila mtu katika mnyororo alikuwa na nia njema. Safaya haihukumiwi kwa kuchomwa. Inahukumiwa kwa kuitwa kitu ambacho siyo.

Binti Sonara, maneno hayo ya kioo kwenye nyufa nakuomba uyachukulie kwa uzito kuliko mtu mwingine hapa, kwa sababu wewe unashika moto. Tangu 2004 soko lina rubi zilizojaa nyufa ambazo zimemiminiwa kioo chenye risasi ili zionekane safi na nyekundu. Kwa lupu utaona mmweko wa buluu au wa chungwa ukilizungusha jiwe, na vipovu vilivyobanwa kama sarafu ndani ya nyufa. Kioo hicho huharibiwa na moto wa kulehemu, huharibiwa na asidi ya kusafishia pete, na hata maji ya ndimu yanayotumiwa na wengi majumbani yanaweza kukila. Mteja akileta pete ya rubi kupunguzwa saizi, litazame jiwe kwanza na umwonyeshe mwenyewe kwa lupu kabla hujawasha moto.

Mama Shanga, Chumbageni

Mimi si mtu wa safaya, nauza shanga na mikufu, lakini rangi ya kupaka tunakutana nayo kila siku. Kwatzi hupashwa moto kisha hutumbukizwa kwenye kimiminika baridi chenye rangi, hupasuka nyufa ndogo ndogo, nazo hunywa rangi. Ukiitazama kwa lupu, rangi yote imekaa ndani ya nyufa na katikati ya nyufa jiwe ni jeupe. Chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni na usugue taratibu ndani ya tundu la shanga, mahali ambapo haitaonekana; pamba ikitoka na rangi, umepata jibu. Isipotoka bado usihitimishe, kwa sababu rangi nyingine hufunikwa kwa nta au plastiki. Usisugue asetoni kwenye zumaridi, kwa kuwa nyingi zimetiwa mafuta na utayatoa. Na kwa kila unachojaribu, omba ruhusa ya mwenye mali kwanza.

Binti Sonara, Ngamiani, Tanga

Nawashukuru nyote, na kwa Mwalimu nasema shikamoo tena. Nimefanya mlivyoniagiza, na ninaleta matokeo ili mnisahihishe palipo na haja.

Mwenzangu mmoja aliniazima rifraktomita. Jiwe moja la chungwa lilitoa mstari mmoja tu, hata nilipolizungusha pande zote, kwa hiyo naliweka kando kama garneti. Katika mafuta ya nazi, mawe mawili ya chungwa yanaonyesha ukanda unaofuata umbo la jiwe kuzunguka kiini cha waridi, wazi kabisa, na moja kati ya hayo lina mkanda wa kiunoni uliosuguliwa mara mbili kama Fundi alivyoeleza. Lile la buluu halina wavu wowote; rangi yake imekaa katika mikanda iliyonyooka inayokatiza jiwe kwa pembe, na ndani lina nyuzi ndefu zisizokatika. Mawe ya njano yana mikanda iliyonyooka lakini hayana kitu kingine ninachoweza kukisoma. Yaliyobaki ya chungwa yana rangi iliyo sawa mwanzo hadi mwisho, na moja lina chembe iliyozungukwa na ufa wa duara.

Bi harusi anataka chungwa, na alilolipenda ni mojawapo ya hayo yenye rangi iliyo sawa. Nimwambieje, na niandike nini?

Mwalimu wa Vito, Arusha

Umefanya kazi nzuri, na maelezo yako yanasomeka kama ripoti. La buluu, kwa dalili ulizotaja, haliwezi kuwa limepikwa kwa joto kubwa wala kutiwa titani, nami ningelinunua. Garneti irudishe au ununue kwa bei ya garneti. Yale mawili yenye ukanda yarudishe, au yauzwe kwa jina lake: safaya asilia iliyoongezewa rangi kwa beriliamu. Ya njano usiyaamini kwa sababu ya mikanda peke yake, kwani beriliamu huleta njano pia, na mikanda ya zamani hubaki ndani yake baada ya kupikwa.

Alilolipenda bi harusi linahitaji maabara, na usikubali kuambiwa vinginevyo. Kabla ya kulituma, uliza waziwazi kama wana kipimo cha leza cha beriliamu, kwa maneno hayo hayo, kwa sababu cheti kinachosema tu kwamba jiwe ni safaya asilia hakijajibu swali lako. Safaya iliyopikwa na beriliamu nayo ni safaya asilia. Uliza katika Kituo cha Jemolojia hapa Arusha wanachoweza kupima, na kama kipimo cha leza hakipatikani, maabara kama GIA, SSEF ya Basel na Gübelin ya Lucerne wanacho, ingawa gharama za huko zina maana tu kwa jiwe lenye thamani ya kutosha. Kwa jiwe dogo, ni busara zaidi kununua kwa bei ya lililoongezewa rangi na kumweleza mteja hivyo.

Kwenye risiti tenganisha ulichokiona na usichokipima. Andika aina ya jiwe, uzito wake kwa karati, rangi yake, kisha: "Safaya: imethibitishwa kwa rifraktomita. Asili ya fuwele: imetazamwa kwa lupu tu. Kuchomwa: kuna dalili (au: sikuona dalili). Beriliamu: haijapimwa." Kama muuzaji alikutajia Kalalani, andika "chimbuko kwa maelezo ya muuzaji", maana wewe hukuwepo lilipochimbwa.

Dalali wa Korogwe

Nakubali kuhusu bunduki ya eksirei, na nimeelewa. Kwa upande wetu wa biashara naongeza jambo moja kwa dada. Kabla hujatoa fedha, andikianeni karatasi na huyo ndugu yangu dalali, kila jiwe likiwa na namba yake, uzito wake na picha yake, na ndani yake iandikwe kwamba maabara ikikuta beriliamu, jiwe linarudi, fedha zako zinarudi, na gharama ya kipimo anaibeba yeye. Ikikuta hamna, unaibeba wewe. Mwenye leseni halali ya udalali na uhakika na mali yake atasaini bila shida. Akikataa kusaini, yarudishe mawe yote, hata lile la buluu.